Bei Si Thamani: Funzo la Mnada wa Sarafu

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii hufunzwa shuleni na hukaririwa sokoni, na katika maisha ya kila siku haina kasoro kubwa: mwenye maembe yaliyoiva hana haja ya kupaza sauti. Hata hivyo, yako masoko ambamo methali hii hutiwa mizanini ikapungua. Mojawapo ni mnada wa sarafu za kale. Humo kilicho chema kabisa ndicho kinachotembezwa zaidi: hupigwa picha, huandikiwa kitabu chake, huonyeshwa mji baada ya mji na husifiwa kwa miezi mingi, na bado, siku yenyewe ikifika, huweza kurudi kilikotoka bila mnunuzi.

Makala haya yana dai moja. Bei inayotamkwa nyundo inapogonga mezani ni habari za watu waliokuwa mnadani siku ile: wangapi walikuja, nani alikosa kuja, nani alichoka kwanza na nani alipandwa na hamaki ya ushindani. Si kipimo cha thamani ya sarafu yenyewe. Pengine suala hili lingeachiwa wanauchumi lau si kwamba Kiswahili kina maneno mawili, bei na thamani, na kwamba waandishi wengi wa leo, hasa watafsiri wa habari za kigeni, wamezoea kuyatumia kana kwamba ni neno moja. Husomwa magazetini kuhusu "sarafu yenye thamani ya dola milioni kadhaa" ilhali kilichotokea ni kwamba mtu mmoja, siku moja, alilipa kiasi hicho kwa kuwa mtu mwingine alikuwa karibu kukilipa. Kosa hilo lina gharama, na kama itakavyodhihirika, sehemu ya gharama hiyo huziangukia sarafu za pwani ya Waswahili wenyewe.

Zawadi ya Sayyid Said

Mfano ulio wazi kuliko mingine unaihusu pwani hii kwa njia ambayo wasomaji wengi huenda hawaijui. Tarehe 21 Septemba 1833, mjumbe wa Marekani aitwaye Edmund Roberts alikamilisha mkataba wa biashara mjini Maskati na Sayyid Said bin Sultan, mtawala ambaye milki yake ilienea hadi Unguja na ambaye alikuja kuifanya Unguja makao yake makuu. Ilipofika zamu ya kurudi kubadilishana hati za kuuidhinisha mkataba huo, serikali ya Rais Andrew Jackson iliona si vyema mjumbe aende mikono mitupu. Miongoni mwa zawadi alizokabidhiwa ni seti ya sarafu za Marekani.

Hapo ndipo kioja kilipozuka. Madaftari ya kiwanda cha sarafu cha Philadelphia yalionyesha kwamba dola za fedha zilitengenezwa mara ya mwisho mwaka 1804, zikiwa 19,570. Kwa hakika dola hizo zilipigwa kwa mihuri ya miaka iliyotangulia, na hapakuwa na hata moja iliyoandikwa 1804. Mafundi wa mwaka 1834, katika kutaka seti ikamilike, walitengeneza dola mpya na kuziandika mwaka 1804. Roberts aliifikisha seti ya Sultani mwaka 1835, akaifikisha nyingine kwa mfalme wa Siam mwaka 1836, na mwaka huo huo akafariki dunia huko Macau. Dola za 1804 zinazojulikana leo ni chache tu. Nane ni za kundi lile la kwanza. Zilizosalia zilitengenezwa miongo kadhaa baadaye, hamu ya wakusanyaji ilipokwisha kuamka.

Dola hiyo, basi, imeandikwa mwaka ambao haikuzaliwa. Jambo hilo halingemshangaza mfanyabiashara wa Unguja wa zama zile. Sarafu aliyoizoea zaidi ilikuwa reale ya Maria Theresa, ambayo iliendelea kupigwa miaka nenda miaka rudi baada ya malkia huyo kufariki, daima ikiwa imeandikwa 1780. Mfanyabiashara hakuuliza mwaka, aliuliza uzito. Reale ina takriban gramu 23.4 za fedha halisi, na dola ya Marekani ya enzi hizo ilikuwa na gramu 24 hivi. Katika mizani ya dukani mwake sarafu hizo mbili zilikuwa ndugu, na lau angeletewa zote mbili asingekubali moja iachane sana na nyingine. Leo reale ya kawaida ya Maria Theresa hupatikana kwa bei isiyo mbali sana na ile ya madini yake. Dola ya 1804 imekwenda njia nyingine kabisa.

Dola inayohusishwa na Sultani ilionekana Uingereza katika karne ya 19, mikononi mwa mkusanyaji wa Liverpool aliyeitwa Watters. Mwaka 1917 iliuzwa mnadani London kwa pauni 330. Mnamo Agosti 1999 iliuzwa nchini Marekani kwa dola 4,140,000, bei ambayo hapakuwa na sarafu iliyowahi kuifikia mnadani hadi siku hiyo. Ikaingia katika mkusanyo wa D. Brent Pogue. Mwezi Mei 2016 mkusanyo huo ulipokuwa ukiuzwa mjini New York, zabuni za dola hiyo zilipanda hadi, ada ikihesabiwa, zikapita dola milioni 10. Lakini mwenye mali alikuwa ameweka kima cha siri ambacho hakuwa tayari kushuka chini yake. Kima hicho hakikufikiwa, na sarafu ikarudishwa. Mwaka uliofuata dola nyingine ya 1804, isiyo safi kama hiyo, iliuzwa kwa dola 3,290,000. Hatimaye, Agosti 2021, dola ya Sultani iliingia mnadani tena na safari hii ikauzwa: dola 7,680,000.

Msomaji na asimame hapa kidogo. Ni sarafu ile ile. Haikuongezeka gramu wala haikupungua. Daraja lake la usafi, 68 katika kipimo cha hadi 70, halikuporomoka. Historia yake haikubadilika. Wala haiwezi kusemwa kwamba mwaka 2021 soko lilikuwa limelala, kwani miezi miwili tu kabla yake, mwezi Juni, sarafu ya dhahabu ya dola 20 ya mwaka 1933 iliuzwa New York kwa dola 18,872,250, na kuivunja rekodi ya dunia. Ikiwa bei ndiyo thamani, mtu atalazimika kushikilia kwamba kipande hicho cha fedha kilipoteza mamilioni ya thamani yake kikiwa kimelala katika hifadhi bila kuguswa. Dai hilo halina mashiko. Kilichobadilika ni watu.

Nani Hupanga Bei?

Wengi hudhani kwamba katika mnada bei hupangwa na mshindi, yaani yule mwenye hamu kubwa au mfuko mnene kuliko wote. Si hivyo. Katika mnada wa bei kupanda, anayepanga bei ni aliyeshindwa mwishoni. Chukulia wazabuni watatu: wa kwanza yuko tayari kulipa hadi shilingi 100,000 kwa sarafu fulani, wa pili hadi 60,000, na wa tatu hadi 20,000. Zabuni zikipanda, wa tatu atanyamaza mapema, wa pili atanyamaza zinapopita 60,000, na sarafu itachukuliwa na wa kwanza kwa kiasi kinachozidi 60,000 kidogo tu. Zile 100,000 zilizomo moyoni mwake hazitajulikana na yeyote. Mwanauchumi William Vickrey aliueleza mwenendo huu kwa hesabu mwaka 1961, na kazi yake ikachangia kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1996.

Sasa iwe kwamba yule wa pili amekwama katika msongamano wa magari. Sarafu ile ile, mnunuzi yule yule, hamu ile ile: bei itaporomoka hadi kupita 20,000 kidogo. Au iwe kwamba ameingia mzabuni wa nne aliye tayari kulipa 95,000: bei itaruka. Mtu mmoja kuwapo au kutokuwapo kumeigeuza bei hadi mara tatu. Kwa sarafu za kawaida, ambazo wanunuzi wake ni maelfu, dosari hii hujisawazisha, kwa maana asipokuja huyu atakuja yule. Kwa sarafu ambayo duniani pana watu wachache tu wenye uwezo na nia ya kuinunua, hakuna wa kujaza pengo. Kadiri sarafu inavyokuwa adimu ndivyo bei yake inavyotegemea nasibu ya watu wawili kukutana saa moja. Hili ni kinyume cha matarajio ya wengi, maana hudhaniwa kwamba kitu adimu ndicho chenye bei ya uhakika.

Ndiyo maana dola ya Sultani ilipokosa mnunuzi mwaka 2016 iliacha alama. Mnada ulioshindikana hutangaza mbele ya halaiki jambo ambalo mwenye mali angetaka libaki siri: mahali ambapo hamu ya wanunuzi inaishia. Anayerudi baadaye huja akijua kwamba hata wale waliotangulia walifika pale wakasita. Yaliipata pia dola ya mwaka 1794, iliyouzwa Januari 2013 kwa dola 10,016,875. Ilipopelekwa mnadani Las Vegas Oktoba 2020, kima cha siri hakikufikiwa, nayo ikarudishwa.

Laana ya Mshindi

Iwapo bei hupangwa na aliyeshindwa, hali ya aliyeshinda nayo haiko salama. Mwaka 1983 watafiti wawili wa Marekani, Max Bazerman na William Samuelson, walichapisha matokeo ya jaribio walilowafanyia wanafunzi wa biashara. Waliwaonyesha vyombo vilivyojazwa sarafu ndogo ndogo na vitu vingine, kila chombo kikiwa na mali ya dola 8, kisha wakawataka wazabuni bila kuhesabu. Kwa wastani wanafunzi walikadiria chini ya ukweli: dola 5 na senti 13. Lakini wastani wa zabuni zilizoshinda ulikuwa dola 10 na senti 1. Kundi zima lilikosea kwa kupunguza. Mshindi alikosea kwa kuzidisha, akalipa dola 2 zaidi ya alichopata.

Siri ya jambo hili si ujinga wa mtu mmoja. Kila mzabuni hukisia, na makisio hutofautiana: mengine huwa chini, mengine juu. Mnada haumchagui mwenye kisio la wastani. Humchagua aliyekosea zaidi kwa upande wa juu. Kushinda kwenyewe ni ushahidi kwamba wengine wote, wakiwa wamekitazama kitu kile kile, wamekiona ni haba kuliko anavyokiona mshindi. Wanauchumi huliita jambo hili laana ya mshindi, na Kiswahili kilikuwa na tahadhari yake kitambo: majuto ni mjukuu, huja baadaye.

Mzabuni mwenye busara hutakiwa basi kufanya jambo linalopingana na damu yake. Akiona wapinzani wameongezeka apunguze zabuni, asiongeze, kwani kadiri umati unavyokuwa mkubwa ndivyo aliyekosea zaidi anavyokuwa amekosea mno. Yapo mambo ya kutia moyo hapa. Patrick Bajari na Ali Hortaçsu, katika utafiti wao wa mwaka 2003 kuhusu minada ya sarafu katika mtandao wa eBay, walionyesha kwamba wazabuni kwa wastani hupunguza zabuni zao kwa asilimia 3.2 kwa kila mpinzani anayeongezeka. Walionyesha pia kwamba wengi hungoja dakika za mwisho ndipo wazabuni, ili wasiwafunulie wengine wanachokijua. Mwenda pole hajikwai, na mnadani aliye kimya mara nyingi ndiye mjuzi.

Mbinu za Kuipandisha Bei

Mwenye mali na dalali wake hawakai wakaingoja bahati. Kwanza, huchapisha makadirio ya bei katika orodha ya mnada, na tarakimu hiyo hukaa kichwani mwa msomaji kama kigingi ambacho mawazo yake yote yatafungwa kwacho. Pili, huanzisha zabuni chini sana. Bei ya mwanzo iliyo ndogo huvuta watu, na mtu akishanyoosha mkono mara moja huanza kuiona sarafu ile kuwa yake. Kuikosa kunageuka kuwa kunyang'anywa. Tatu, huweka kima cha siri ili ule mwanzo mdogo usimtie hasara. Nne, huupa mnada muda. Uchunguzi mwingine uliohusu sarafu za senti moja za Marekani, uliochapishwa mwaka 2007 na David Lucking-Reiley na wenzake, ulibainisha kwamba minada ya mtandaoni iliyodumu siku nyingi ilileta bei ya juu kuliko ya siku chache, na kwamba sifa mbaya ya muuzaji ilimshusha kuliko sifa njema zilivyompandisha.

Mambo hayo ni halali. Yapo yasiyo halali. Muuzaji huweza kumpenyeza rafiki yake azabuni uongo ili kumpandisha mnunuzi wa kweli. Kwa upande wa pili, wachuuzi huweza kula njama wasishindane, mmoja wao akachukua sarafu kwa bei ya kutupa, kisha wakaketi faraghani kuinadi upya baina yao na kugawana faida. Desturi hiyo ilikomaa kiasi kwamba Uingereza iliitungia sheria ya kuiharamisha mwaka 1927. Katika hali ya kwanza bei hudanganya kwa kuzidi. Katika ya pili hudanganya kwa kupungua. Anayeisoma tarakimu hiyo miaka mingi baadaye hana njia ya kuutambua udanganyifu kwa kuitazama.

Fauka ya hayo, tarakimu yenyewe si moja. Ile sarafu ya dhahabu ya mwaka 1933 ilipouzwa Julai 2002, nyundo ilianguka kwenye dola 6,600,000. Ikaongezwa ada ya mnada ya asilimia 15, yaani dola 990,000. Kisha zikaongezwa dola 20 nyingine. Hizo zililipwa hazina ya Marekani kwa sababu sarafu za mwaka huo, 445,500 kwa idadi, hazikuwahi kutolewa rasmi kwa matumizi, na karibu zote ziliyeyushwa. Ili hiyo moja iwe halali kumilikiwa ilibidi serikali ilipwe kiasi kilichoandikwa usoni mwake. Jumla ikawa dola 7,590,020. Katika mstari mmoja wa hesabu pamekutana dola 20 za maandishi, thamani ya dhahabu ambayo hata haikutajwa, malipo ya dalali, na hamu ya mnunuzi. Anayesema "thamani yake ni dola 7,590,020" amevichanganya vyote hivyo katika chungu kimoja.

Pingamizi Mbili

Dai la makala haya lina wapinzani wawili wanaostahili kujibiwa. Wa kwanza ni mtu wa soko. Yeye atasema kwamba maneno ya thamani isiyo bei ni ndoto. Kitu kina thamani ya kile ambacho mtu yuko tayari kukilipia, basi. Kuna ukweli katika kauli hiyo. Bima, mirathi na kodi haziwezi kuendeshwa kwa hisia, na kwa sarafu zinazouzwa mara mia kwa mwaka wastani wa bei ni mwongozo mzuri. Lakini mtu huyo huyo, kwa kanuni yake mwenyewe, hawezi kuitumia bei ya mnada mmoja. Mshindi alikuwa tayari kulipa zaidi ya alicholipa, na hakuna ajuaye ni kiasi gani. Wengine wote hawakuwa tayari kukilipa. Bei imesimama katikati, si utayari wa huyu wala wa wale.

Wa pili ni mtu wa lugha, na pingamizi lake ni tamu zaidi. Atakumbusha kwamba thamani ni neno lenye asili ya Kiarabu, na kwamba katika Kiarabu neno hilo humaanisha hasa bei. Kwamba bei nalo limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kuuza. Na kwamba neno la Kiarabu la ubora wa kitu ndilo lililozaa kima cha Kiswahili, ambacho leo hutumiwa zaidi kwa kiasi kinachohesabika. Kwa hivyo, atasema, anayeandika "thamani" akimaanisha bei anarudi tu kwenye asili.

Hoja hiyo haitoshi. Lugha huazima neno, haiazimi hukumu iliyokuwa ndani yake. Waswahili waliyapokea maneno hayo, wakayapanga upya kulingana na haja zao: kima kikawa kipimo, bei ikawa ya sokoni, na thamani ikapandishwa daraja ikawa ya utu, ya urafiki, ya elimu na ya kazi ya mikono. Ndiyo maana mtu husemwa kuwa ana thamani pasipo kumtukana, ilhali kumwambia kwamba ana bei ni matusi makubwa. Tofauti iliyojengwa na wasemaji kwa muda mrefu kiasi hicho ni mali ya lugha. Kuiacha ifutike kwa sababu ya uvivu wa kutafsiri ni sawa na kuyeyusha sarafu mbili tofauti ili kupata bonge moja lisilo na maandishi.

Msamiati wa mnada wenyewe unaunga mkono upambanuzi huu. Mnada na kunadi vimetokana na kuita. Ni tendo la sauti. Dalali kwa asili ni mwelekezaji, mwenye kuonyesha njia. Hakuna katika maneno hayo anayepima. Anayepima ni wa mizani, naye hayumo mnadani.

Sarafu za Kilwa

Gharama ya kuchanganya bei na thamani huonekana vizuri pale panapohusika sarafu za pwani. Watawala wa Kilwa walipiga sarafu zao za shaba kwa karne kadhaa. Upande mmoja huwa na jina la mtawala, kama vile Ali bin al-Hasan au al-Hasan bin Sulaiman, ambaye ndiye aliyemkaribisha Ibn Battuta mwaka 1331. Upande wa pili huwa na maneno machache ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, nayo yametungwa yakafanya vina na jina la upande wa kwanza. Mwanafunzi wa ushairi ana hapa kitu cha ajabu: beti ndogo ya Kiarabu iliyogawanywa pande mbili za shaba, iliyopitishwa sokoni na watu ambao pengine wengi wao hawakujua kuisoma.

Sarafu hizo hazina mng'aro wa kuwavuta wenye mamilioni. Ni ndogo, zimechakaa, na nyingi hazina mwaka. Lakini moja ya al-Hasan bin Sulaiman ilipatikana Zimbabwe Kuu, ikawa ushahidi wa uhusiano wa pwani na bara. Nyingine tano ziliokotwa mwaka 1944 na mwanajeshi aliyeitwa Maurie Isenberg katika kisiwa cha Marchinbar, kaskazini mwa Australia. Alizihifadhi katika kopo hadi mwaka 1979 alipozipeleka zitambuliwe, na tangu hapo swali la jinsi zilivyofika huko halijaacha kuwashughulisha wanahistoria. Huko Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, zaidi ya sarafu 2,000, nyingi zikiwa za fedha, zilifukuliwa katika miaka ya 1980 na wanaakiolojia, zikafungua ukurasa mpya wa historia ya watawala wa pwani.

Yote hayo ni thamani isiyo na nyundo. Na thamani hiyo ina sharti moja ambalo mnada haulijui: mahali. Sarafu ya Mtambwe Mkuu inayojulikana ilitoka tabaka gani la udongo, pamoja na vitu gani, ni shahidi. Sarafu iyo hiyo ikichimbwa usiku na kupitishwa mikono mitatu hadi ng'ambo hubaki kuwa kipande cha fedha chenye jina. Sheria za Tanzania za mwaka 1964 na za Kenya za mwaka 2006 huzilinda turathi za namna hiyo, lakini sheria haiwezi kukaa shambani na mkulima aliyeibua sarafu kwa jembe. Aliyekaa naye ni lugha. Ikiwa magazeti na redio zimemfunza kwamba thamani ni tarakimu ya mnadani, atafanya moja kati ya mawili: ataota mamilioni, au akiambiwa na mchuuzi kwamba ni shaba tu iliyochakaa ataitoa kwa bei ya sukari. Katika hali zote mbili hatauliza swali lililo muhimu, yaani sarafu hii inasema nini.

Hitimisho

Mnada si adui. Ni chombo cha kale cha kutafuta nani achukue kitu ambacho wengi wanakitaka, na katika kazi hiyo hakuna chombo kilichoushinda. Lawama ni ya wale wanaokidai chombo hicho jibu la swali ambalo hakikuulizwa. Mwandishi wa habari anayetaka kusema kweli na aandike "iliuzwa kwa", ataje mwaka, aeleze kama ada imo ndani, na neno thamani aliache kwa mambo yanayolistahili. Mhadhiri anayefundisha tafsiri na aihesabu tofauti hiyo kuwa sehemu ya somo, isiwe suala la ladha tu. Na mwanafunzi wa Kiswahili mwenye Kiarabu kidogo na akumbuke kwamba kuna beti za shaba zinazongoja wasomaji.

Ama ile methali, haina haja ya kufutwa. Inahitaji kusomwa kwa uangalifu. Chema chajiuza, ndiyo, lakini haikusemwa chajiuza kwa bei gani, wala siku gani, wala mbele ya nani. Dola ya Sayyid Said ilipata bei tatu mbalimbali na ikakataliwa mara moja, na haikuacha kuwa ile ile hata siku moja. Nyundo iligonga meza, sarafu haikuguswa.